Mkaguzi anasema seva yetu ina mwanya, mimi nimesasisha kila kitu: nani yuko sahihi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natunza kompyuta za SACCOS moja hapa Tukuyu. Seva yetu kuu ina mfumo endeshi wa Debian 12 na naisasisha kila wiki. Mkaguzi wa nje alikuja na programu yake ya kuskani, akatuachia ripoti yenye maandishi mekundu: OpenSSH 9.2p1 (programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali) ina mwanya wa usalama wenye namba CVE-2024-6387, ipandishwe hadi 9.8 au zaidi. Nikiendesha apt, ile amri ya kusasisha, naambiwa hakuna kipya. Nikiangalia pakeji naona 1:9.2p1-2+deb12u5. Meneja anataka nipakue msimbo wa OpenSSH mpya nikompaili, yaani niijenge mwenyewe, kabla ya mkutano mkuu. Kinachonichanganya zaidi, kompyuta ya tawi letu la Kiwira, ambayo bado ina Debian 10, haikuandikwa wekundu wowote kwenye mwanya huo. Ina maana ya zamani ni salama kuliko mpya? Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na lile unalolihitaji leo: usikompaili chochote. Mwanya alioutaja mkaguzi ulishazibwa kwenye seva ya Tukuyu, tena siku nyingi. Inayopaswa kukunyima usingizi ni ile ya Kiwira, na nitaifikia. Kwanza nikupe hoja za kukaa nazo mezani na mkaguzi, maana yeye ana karatasi mkononi na neno lako peke yake halitatosha.

Mwanya huo ni wa kweli na ni mbaya. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza kwamba sshd, ile sehemu ya OpenSSH inayopokea watu wanaoingia kwenye seva kwa mbali, ina kosa katika namna inavyomkatia mtu aliyebisha hodi bila kujitambulisha kwa wakati. Muda wa kawaida anaopewa ni sekunde 120. Ukiisha, sshd inakatiza kazi iliyokuwa ikifanya na kuita amri ambazo si salama kuitwa katikati ya kazi nyingine. Mshambuliaji akiotea nukta hiyo sawasawa anaweza kuendesha msimbo wake akiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa seva, bila hata kuwa na pasiwedi. Waliolijaribu kwenye mashine za biti 32 walihitaji wastani wa majaribio 10,000 hivi, yaani saa 6 hadi 8. Kosa lenyewe lilikuwa limezibwa mwaka 2006, likarudi kwa bahati mbaya katika toleo la 8.5p1, ndiyo maana wagunduzi wakaliita regreSSHion, kutoka neno la Kiingereza regression, kurudi nyuma. Waandishi wa OpenSSH walilimaliza katika 9.8p1.

Kwa hiyo skana ya mkaguzi inafanya hesabu rahisi: 9.2 iko kati ya 8.5 na 9.8, basi ni wekundu. Kiwira ina 7.9, kosa lilikuwa bado halijarudi, basi hakuna wekundu. Hesabu hiyo ni sahihi kwa mtu anayechukua OpenSSH moja kwa moja kwa waandishi wake. Kwa anayetumia Debian, inaacha nje nusu ya habari.

Debian ikishatoa toleo imara, kwa kawaida haipandishi tena namba za programu zilizomo. Debian 12 ilitoka Juni 2023 ikiwa na OpenSSH 9.2p1, na itabaki na 9.2p1 hadi mwisho wa maisha yake. Mwanya ukigunduliwa, timu ya usalama ya Debian inachukua ile mistari michache tu inayouziba, inaipachika kwenye 9.2p1, inaijenga upya pakeji na kuitoa. Ni kama shati la mtumba ulilonunua sokoni Mwanjelwa: fundi akilishona kiraka kwenye kiwiko, lebo ya kwenye kola haibadiliki. Skana imesoma kola.

Wanafanya hivyo kwa ajili ya watu kama wewe. Toleo jipya haliji na kiraka peke yake. Linakuja na mipangilio iliyoondolewa, tabia zilizobadilishwa na mahitaji mapya. Ukisasisha Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi wanachama wamejaa dirishani na mfumo wa mikopo haufunguki. Debian imara inakuahidi kwamba viraka vya usalama vitaingia na kila kingine kitakaa kama ulivyokiacha.

Sasa soma namba yako polepole, kutoka kushoto: 1:9.2p1-2+deb12u5. Ile 1: ya mwanzo inawasaidia Debian kupanga matoleo kwa mfuatano, iache. 9.2p1 ndiyo namba ya waandishi wa OpenSSH. -2 ni mara ya pili Debian walipoifunga pakeji hiyo kabla ya Debian 12 kutoka. Kilichobaki, +deb12u5, ndicho kinachobeba jibu lako: hili ni sasisho la 5 la pakeji hii ndani ya uhai wa Debian 12. Kiraka cha CVE-2024-6387 kiliingia kwenye +deb12u3, kikatangazwa kwa namba DSA-5724 (DSA ni tangazo la usalama la Debian) siku ileile mwanya ulipotangazwa duniani, kwa sababu wagunduzi waliwapa taarifa mapema watengenezaji wa mifumo ili viraka viwe tayari. Wewe uko u5. Tano ni kubwa kuliko tatu, kwa hiyo kiraka unacho.

Kuna kitu kitamshangaza mkaguzi ukimwonesha. Ukiwa nje kabisa ya seva, andika `nc anwani-ya-seva 22` kisha bonyeza Enter. Seva inajitambulisha yenyewe hivi:

`SSH-2.0-OpenSSH_9.2p1 Debian-2+deb12u5`

Habari yote ilikuwa mbele ya skana tangu mwanzo, nayo ikaishia kwenye p1. Wapo watakaokushauri uweke `DebianBanner no` kwenye mipangilio ya sshd ili mkia huo usionekane. Usifanye hivyo. Utakuwa umeficha ushahidi wako mwenyewe, na mwaka kesho ripoti itakuwa ileile.

Mwombe mkaguzi arudie kuskani akiwa na akaunti ndani ya seva. Skana nyingi nzuri zina njia hiyo: zinaingia, zinasoma orodha kamili ya pakeji na namba zake zote, kisha zinalinganisha na data ya Debian yenyewe. Wekundu mwingi utafutika hapohapo, na utakaobaki utakuwa wa kweli na wa kufanyiwa kazi. Mkaguzi mwenye nia njema hatakataa.

Mahali pa kumaliza ubishi wowote wa namna hii ni traka ya usalama ya Debian, security-tracker.debian.org. Weka namba ya CVE, utaona jedwali lenye kila toleo la Debian, namba ya pakeji na hali yake: imezibwa au bado. Mwanya ukiwa umezibwa, panaandikwa umezibwa kuanzia namba ipi. Unachofanya ni kulinganisha na orodha ya pakeji zako inayotolewa na `dpkg -l`. Shajara ya mabadiliko ya pakeji, inayopatikana kwa `apt changelog openssh-server`, nayo inasaidia, lakini usiitegemee peke yake. Viraka vinavyoandaliwa kwa siri kabla ya tangazo mara nyingine huandikwa humo bila namba ya CVE.

Ukianza kuizoea traka utakutana na jambo litakalokutisha: mianya iliyoandikwa "vulnerable" kwa Debian 12, na ukisasisha hakuna kiraka. Usikimbilie kudhani wamezembea. Soma maelezo ya chini ya jedwali. Ukiona "no-dsa", wamepima wakaona mwanya ni mdogo, hautatolewa tangazo la peke yake, kiraka kinaweza kuja pamoja na vingine kwenye sasisho la jumla. "Postponed" ni kwamba kimeahirishwa. "Ignored" ni kwamba wameamua hawataushughulikia kwenye toleo hilo, na kwa kawaida sababu imeandikwa pembeni. "Unimportant" ni pale tatizo linapokuwa halina madhara ya kiusalama kwa namna Debian wanavyoijenga pakeji hiyo. Hukumu hizi ni za watu waliousoma msimbo, na mimi naziheshimu. Ila hazijui ofisi yako. Mwanya unaohitaji mtu awe tayari na akaunti kwenye seva ni mdogo kwa mwenye seva yake peke yake, na ni mkubwa mahali ambapo makarani kumi wanaingia humo kwa akaunti zao. Hapo lazima uamue mwenyewe.

Kuna chombo kidogo kitakuokolea muda: sakinisha `debsecan`, kisha endesha `debsecan --suite bookworm --only-fixed` (bookworm ni jina la Debian 12). Kitakuorodheshea mianya iliyopo kwenye seva yako ambayo kiraka chake kimeshatoka nawe bado hujakiweka. Orodha ikiwa tupu, ichapishe, weka tarehe na sahihi, tia kwenye faili. Kwa mkaguzi, karatasi kama hiyo ya kila mwezi ina uzito kuliko maelezo ya mdomo ya nusu saa.

Ubishi huu si wa jana. Aprili 2014, ulipotangazwa mwanya wa Heartbleed kwenye OpenSSL, programu ya kusimba mawasiliano, waandishi wake walisema dawa ni toleo 1.0.1g. Debian 7 ilibaki na 1.0.1e, kiraka kikaingia kama 1.0.1e-2+deb7u5, na mtu aliyetazama zile herufi za mbele peke yake alidhani seva bado iko wazi. Ila Heartbleed ilifundisha na jambo la pili, na hili naomba ulisome kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanaosasisha kila wiki, kama wewe, huachia nafasi.

Kiraka kikiingia kwenye diski hakijaingia kwenye kumbukumbu. Apache, programu ya kutoa kurasa za wavuti, ikiwashwa mwezi wa pili ilipakia libssl, maktaba ya OpenSSL, ya mwezi wa pili. Ukisasisha libssl leo, faili jipya linakaa kwenye diski, la zamani linafutwa, lakini Apache inaendelea kulishikilia lile la zamani kwenye kumbukumbu, pamoja na mwanya wake, mpaka uiwashe upya. `dpkg -l` inakuonesha namba mpya, traka inasema umezibwa, na mlango bado uko wazi. Ndiyo sababu baada ya kiraka cha Heartbleed Debian walitoa haraka sasisho lingine, deb7u6, lililokagua huduma zinazotumia OpenSSL na zinazohitaji kuwashwa upya.

Kwa OpenSSH yenyewe usihofu, pakeji yake huiwasha upya sshd ikisasishwa. Kwa nyingine, sakinisha `needrestart` na uendeshe `sudo needrestart -r l`. Itakutajia huduma zilizoshikilia mafaili ya zamani bila kugusa chochote, nawe unaziwasha upya moja moja saa ambayo dirisha la wanachama limefungwa. (Needrestart yenyewe ilikutwa na mianya Novemba 2024, kwa hiyo nayo isasishwe kama nyingine.)

Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa haiwashwi upya mpaka mashine nzima iwashwe upya. Katika ofisi nyingi za huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini hadi Makambako, nasikia watu wakijivunia seva iliyokaa mwaka mzima bila kuzimwa. Seva hiyo inaendesha kerneli ya mwaka jana, hata kama apt imeshaweka nyingine mpya sita kwenye /boot. Andika `uname -v` uone namba ya Debian ya kerneli inayofanya kazi sasa hivi, kisha uilinganishe na pakeji mpya ya linux-image iliyosakinishwa. Zikipishana, panga siku ya kuwasha upya. Mwambie meneja kwamba dakika tano za kuzima kwa mpango jioni ni sehemu ya kutunza fedha za wanachama, na ziandikwe kwenye ratiba ya ofisi kama zinavyoandikwa siku za kufunga hesabu.

Tahadhari moja ya mazingira yetu. Msimu wa mvua Rungwe umeme unaweza kukatika wakati wowote, na ukikatika apt ikiwa katikati ya kazi, pakeji hubaki nusu. Hakikisha betri ya akiba ina chaji kabla ya kuanza. Ikitokea imekatika, anza na `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt -f install`, na mara nyingi mambo hukaa sawa. Kama tatizo ni bando, na mna kompyuta kadhaa za Debian, weka `apt-cacher-ng` kwenye moja. Pakeji inapakuliwa mara moja, nyingine zote zinaichukua ndani ya ofisi.

Nirudi kwa meneja na hoja yake ya kukompaili. Namwelewa, anataka namba kwenye ripoti iwe kubwa. Lakini OpenSSH utakayoijenga kwa mkono itakaa /usr/local, na apt haitaijua. Mwanya utakaofuata ukitokea, timu ya Debian itatoa kiraka, seva nyingine zote zitakipata usiku, yako haitakipata. Itabidi wewe ufuatilie, upakue, ujenge, ujaribu, kila mara. Ukienda likizo, au ukihama kazi, hakuna atakayejua. Unabadilisha wekundu wa bandia wa leo kwa mwanya wa kweli wa mwaka ujao.

Na toleo jipya kabisa si lazima liwe salama kuliko yote. Machi 29, 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba xz, programu ya kubana mafaili ambayo maktaba yake hupakiwa na sshd kwenye mifumo kadhaa ya Linux, ilikuwa imepandikizwa mlango wa nyuma makusudi. Alianza kwa kushangaa kwa nini kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde. Matoleo yenye sumu yalikuwa 5.6.0 na 5.6.1, mapya kabisa wakati huo. Debian 12, na xz yake ya 5.4.1, haikuguswa. Kwa upande wa Debian, walioguswa ni waliokuwa kwenye matawi ya majaribio.

Sisemi Debian hawakosei. Mwaka 2006 waliigusa OpenSSL kwa nia ya kuisafisha, wakaidhoofisha namna inavyozalisha namba za kubahatisha, na mpaka Luciano Bello alipoligundua na likatangazwa Mei 2008, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian zilikuwa za kukisia: 32,767 tu kwa kila aina na ukubwa. Ni doa kubwa. Lakini tunalijua, na kwa tarehe, kwa sababu kila mstari wanaoubadilisha uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kwa mfumo wa namna hii mimi niko tayari kuamini viraka vyao kuliko vyangu.

Sasa Kiwira. Nilitaka wekundu wa Tukuyu uondoke kwanza mezani ili hili lionekane vizuri.

Debian 10 ilitoka Julai 2019. Huduma yake ya muda mrefu, LTS, ilifika mwisho tarehe 30 Juni 2024, siku moja tu kabla regreSSHion haijatangazwa. Ni kweli mwanya huo hauigusi. Lakini tangu siku hiyo, isipokuwa kwa wanaotumia huduma ya ziada ya kampuni ya nje, mashine hiyo haipati kiraka cha mwanya wowote. Ukiendesha apt itakujibu kwamba hakuna kipya, maneno yaleyale unayoyapata Tukuyu. Tukuyu yana maana kwamba umeweka vyote. Kiwira yana maana kwamba hakuna tena anayetengeneza.

Mfano wa karibu: Januari 2025 ilitangazwa mianya sita ya rsync, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, kwa mpigo. Si yote iliyogusa matoleo ya zamani, lakini mmoja wapo, CVE-2024-12085, unaoruhusu kuvuja kwa yaliyomo kwenye kumbukumbu ya seva, uligusa matoleo yote kabla ya 3.4.0. Debian 11 na 12 zilipata viraka. Debian 10 haikupata. Kama tawi linatuma hesabu za siku Tukuyu kwa rsync usiku, programu hiyo yenye mwanya ndiyo inayobeba majina, namba za simu na mikopo ya wanachama. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa hizo si za kuachwa hivihivi. Skana ya mkaguzi huenda iliandika mahali fulani, kwa rangi nyepesi, kwamba mfumo wa Kiwira "haupo tena kwenye huduma". Kwangu mimi mstari huo ndio ungekuwa wa kwanza kwenye ripoti.

Debian hawaruhusu kuruka toleo, huwezi kutoka 10 kwenda 12 kwa hatua moja. Lazima upite 11, na pakeji za 10 sasa ziko kwenye hifadhi ya kale, archive.debian.org. Ukipita njia hiyo, kumbuka kwamba kuanzia Debian 11 jina la mstari wa usalama kwenye sources.list, faili la vyanzo vya apt, lilibadilika: si tena buster/updates (buster ni Debian 10), ni bullseye-security (Debian 11), halafu bookworm-security. Anayebadilisha jina la toleo peke yake na kuacha ile /updates, apt humletea kosa kwenye mstari huo, na akilipuuza anabaki na mfumo mpya usio na viraka.

Ushauri wangu ni usipandishe hatua kwa hatua. Tafuta diski nyingine, weka mfumo mpya, Debian 12 iwe sawa na Tukuyu ili uangalie kitu kimoja (huduma ya timu ya usalama ni hadi Juni 2026, kisha LTS hadi Juni 2028), halafu hamisha data. Kitakachokusumbua ni mfumo wa mikopo wenyewe kama umeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP: Debian 10 ina 7.3 na Debian 12 ina 8.2, na kuna misimbo ya zamani isiyokubali 8. Ijaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni ukiwa na nakala ya data, ukimhusisha aliyewatengenezea mfumo. Chukua bakapu, na uirejeshe kweli kwenye mashine nyingine uone hesabu zinafunguka, kabla hujagusa ya kazi.

Kazi hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa, na wiki hizo Kiwira isikae wazi. Ingia kwenye ruta ya tawi, ondoa kila mlango uliofunguliwa kutoka intaneti kwenda kwenye mashine hiyo. Kama ni lazima Tukuyu iifikie, ruhusu anwani ya Tukuyu peke yake. Zima huduma zisizotumika; `ss -tlnp` itakuonesha zipi zinasikiliza. Kwa ssh, zima kuingia kwa pasiwedi, tumia funguo. Hayo unaweza kuyafanya leo mchana, kabla hata ya kumjibu mkaguzi.